Buti za Kaka Zabroni Haziuzwi

Wenzangu wa soko la Makambako, mmenisumbua vya kutosha. Tangu niliposhuka kwenye basi pale stendi, jua linawaka na mimi nimevaa buti za theluji hadi karibu na magoti, hakuna siku imepita bila mtu kuniuliza. Mama Tumaini anauliza Marekani kukoje. Wateja wa viatu vya shamba, walioziona zile buti siku ile, wanauliza bei. Nimejaribu kusimulia kwa mdomo lakini nyie hamna subira; nikifika uwanja wa ndege tu mnaniuliza kama nilikula. Nilikula. Sasa nawaandikia, mpokezane karatasi, na habari za viza na tiketi naziruka maana hata mimi zilinichosha.

Kilichonipeleka mnakijua. Mama yetu kule Makete macho yanazima. Hospitali walimwambia hayana muda. Akaniita, akanikalisha jikoni, akasema, "Nenda kamwambie kaka yako aje nimwone wakati bado naona. Kwenye simu anaitika ndiyo mama, ndiyo mama, halafu haji. Wewe kamwambie usoni." Zabroni aliondoka kijana kabisa. Baba alipofariki hakuja kuzika, kwa sababu wakati ule angetoka kule asingeweza kurudi. Baadaye mambo yake ya vibali yakanyooka, njia ikawa wazi, na bado hakuja. Basi mzigo wangu ulikuwa huo. Nguo zilijaa begi moja tu.

Njia ya kwenda

Ndege ya pili ilichelewa. Tulikaa katika mji ambao sikuuona, ndani ya jengo la vioo, tunaambiwa subirini, tunasubiri. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mnene anayefuma soksi. Lugha hatukuelewana hata kidogo. Nilimpa andazi, akalinusa kwanza, akala, kisha akanyoosha mkono kuomba la pili. Naye akanikatia jibini gumu lenye harufu ya miguu ya mtu aliyelima kutwa. Nikala kwa adabu. Walipotuita kupanda tuliagana kwa kushikana mikono kama ndugu, na nikagundua nimeanza kumkumbuka kabla hajaondoka. Nilijicheka, lakini ilikuwa kweli.

Nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyomkumbatia Zabroni. Nikatoka na begi langu, namtafuta kwa macho, nikamwona mwanamke mwembamba ameshika karatasi yenye jina langu.

"Auntie Yusta? Aki pole umengoja. Naitwa Njeri, tunafanya kazi na Zabu. Ame-cover shift ya mtu, akaniambia nikukujie. Nime-drive kutoka Apple Valley na hii snow yote."

Nikamshukuru, lakini moyoni nilinuna. Kwetu mgeni wa mbali hapokelewi na mtu wa kutumwa. Sikujua bado kwamba kule kumpata wa kumtuma ni bahati. Garini kiti cha nyuma alikuwepo binti yake mdogo. Nikamsalimu, "Hujambo mama?" Alielewa, maana alitabasamu, ila akajibu Kiingereza, na mimi nikabaki na tabasamu langu.

"Anaskia kila kitu," Njeri akasema. "Ni kuongea tu hataki."

Nje kulikuwa kweupe pande zote. Njeri akaniuliza kama nina koti la maana. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Makete, kwetu mwezi wa saba barafu inalala juu ya viazi, baridi haijanianza leo. Akacheka hadi akapunguza mwendo. "Sawa auntie. Utaniambia."

Champlin

Zabroni anaishi Champlin, karibu na mto wao mkubwa, katika nusu ya nyumba; nusu nyingine ina watu ambao sikuwahi kuwaona, nilisikia tu maji yao yakipita ukutani. Zulia limetandikwa kila mahali. Mlangoni, kwa ndani, kuna sinia pana la plastiki ambapo viatu hupangwa. Nikasema moyoni, kumbe na huku wezi wapo, wanaiba hadi viatu vya mlangoni. Hilo likumbukeni, maana ndilo lililoniponza baadaye.

Alirudi asubuhi na nguo zake za kazi za bluu. Anatunza wazee katika nyumba ya wazee, usiku kucha. Amepata mvi. Anaburuta kisigino cha kulia vilevile alivyokuwa akiburuta baba.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Yusta. Umefika." Akanishika mkono na hakuuachia upesi. Halafu akaenda kulala.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe hilo nililitamani. Kaka analala mchana, usiku yuko kazini, na mimi nimeketi dirishani nimejifunga kitenge na blanketi juu yake. Siku moja mzee wa nyumba ya ng'ambo, aliyekuwa akisukuma theluji kwa mashine, aliniinulia mkono. Jamani, nilitoka mbio na kandambili zangu nikamwamkie, nimuulize habari za watoto, za mifugo kama anayo. Nilipofika barabarani alikuwa ameshaingia na mlango umefungwa. Nikasimama pale nimeinua mkono peke yangu.

Jumapili tulikwenda kanisani, Wakenya na Wakongo pamoja. Huko walinikumbatia, wakanilisha pilau na sombe, kisamvu cha Kikongo, nikasema leo nimefika kwa watu. Ibada ilipokwisha kila mmoja akaingia kwenye gari lake, na kufikia jioni nilikuwa tena dirishani na maji ya majirani ukutani. Niliwakumbuka nyie, hata makelele yenu ya kugombania balo la viatu vya mitumba. Nililia kidogo. Nasema kweli, siwafichi.

Ujumbe wa mama nilimpa mapema, kwenye ugali. Nikamweleza macho ya mama yalivyo, kwamba anachambua mchele kwa vidole. Akaacha kutafuna.

"Tutaongea," akasema.

Kesho yake nikamwambia tena. Tutaongea. Keshokutwa vilevile. Nikapandisha sauti, nikamuuliza tutaongea lini, mimi sikuja kutalii mazulia. Akaniangalia kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo.

"Wiki hii nina siku mbili za kupumzika. Nakwenda porini kuwinda kulungu. Mwaka mzima nasubiri siku hizo, Yusta. Twende wote."

"Na huko tutaongea?"

"Kwanza tukutafutie viatu."

Maplewood

Mnajua mimi kwa viatu sidanganywi. Balo likifunguliwa, nyie wenyewe mnaniita nichague gredi ya kwanza. Kiatu nakikunja soli, nanusa ndani, nabonyeza ulimi, nakwambia kitadumu masika mangapi. Kwa hiyo tulipoingia kwenye duka lile la Maplewood, ukuta mzima buti tupu, nilijiona nimefika kazini. Nikamwambia Zabroni akae pembeni.

Nikachagua zangu. Nyepesi, ngozi laini, soli inakunjika vizuri, na zilinikamata mguu kama zimeshonewa kwangu. Zabroni akatikisa kichwa, akaenda kumwita muuzaji mmoja anayemfahamu wa kanisani, Papa Mugisho, Mkongo wa Bukavu, mzee mwenye sauti ya kwaya.

Papa Mugisho akazitazama buti zangu, akabonyeza mbele. "Mama, hizi ni za kwendea misa. Biatu bya baridi habinunuliwake bya kubana. Uko na chaussettes ya kwenda nazo porini?"

Zabroni akatoa mfukoni soksi nene za sufu. Kumbe alikuja nazo. Kumbe pia alikuwa amechagua kunipeleka jioni makusudi, kwa sababu mguu wa jioni umevimba kidogo, na ndio mguu wa kupimia. Nikavaa soksi, buti zikagoma. Nikasema basi nitaongeza nguvu, zikibana si ndiyo joto linakaa?

"Damu itapita wapi?" Papa Mugisho akauliza kwa upole. "Kinacholinda mguu ni hewa kidogo ndani. Vidole bikose nafasi ya kucheza, bitakufa. Na usivae chaussettes mbili mbili. Baridi ya huku haikamatake mutu kwa inje tu. Inamukamata kwa jasho yake mwenyewe."

Akatuuliza tutakwenda kutembea au kukaa. Anayetembea sana, akasema, anapewa buti yenye bitana nyembamba, la sivyo atalowa jasho na jasho litaganda. Anayekaa kimya mahali pamoja anapewa nene.

"Sisi tutakaa kimya," Zabroni akasema.

Ndipo akaletwa mnyama mwenyewe: chini mpira mtupu, juu ngozi, ndani bitana nene ya sufu inayochomoka yote ili uikaushe, soli nene kama tofali. Ukiikunja haikunjiki. Kwenye meza yangu pale sokoni ningeitupa gredi ya tatu. Nikavaa, nikajiona nimeingiza miguu kwenye ndoo. Lakini kisigino kilitulia na vidole vilicheza, nikaambiwa niteremke kwenye kijiteremko cha mbao nione kama vidole vinagonga mbele. Havikugonga. Nikanyamaza, maana mchagua jembe si mkulima.

Zabroni akapiga goti moja sakafuni kunifunga kamba. Dukani kwa watu, mwanaume mwenye mvi. Akabonyeza kidole gumba juu ya kidole changu kikubwa, akakiacha hapo. Baba alikuwa fundi wa katambuga za matairi, wengine wenu mlivaa kazi yake. Mteja akiketi, baba alibonyeza hivyohivyo kabla hajakata gidamu.

"Baba alikuwa anabonyeza hapa," nikasema.

Zabroni akamaliza kufunga kamba, akainuka, akaenda kulipa bila kuniangalia.

Kaskazini

Tuliondoka asubuhi. Akanikataza kuvaa buti garini, nisije nikatoa jasho kabla ya safari kuanza. Nikakaa na soksi kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Barabara imenyooka, miti myeusi, theluji, ghala, miti tena. Tukasimama kwenye kituo cha mafuta kilichojaa watu wenye vizibao vya rangi ya chungwa, tukiwemo sisi. Wanavaa hivyo wasipigane risasi. Zabroni akaninunulia soseji na kahawa isiyo na ladha. Dada wa kwenye kaunta akanitazama miguuni, nimevaa kandambili juu ya soksi za sufu, akanipa bure vipakiti viwili vya unga unaotoa joto ukivitikisa. Nikamshukuru kwa Kiswahili kwa kuchanganyikiwa, naye akajibu kana kwamba ameelewa. Joto la vile vipakiti nililibeba mfukoni mpaka likaisha lenyewe.

Kibanda tulichofikia ni cha mkulima mmoja ambaye mama yake alitunzwa na Zabroni hadi siku yake ya mwisho. Kama shukrani anamwachia pori lake msimu wa kuwinda. Mwenyewe hakuwepo. Palikuwa na chumba kimoja, jiko la kuni, vitanda viwili, na ukimya ambao hata mimi wa milimani sijawahi kuusikia. Zabroni akanivalisha buti tukatembea jioni ile kulitazama dungu lake, na ni dungu kweli, kibanda juu ya miguu ya mbao, kama yetu ya kulindia mahindi. Nilikwenda nikipiga hatua nzito, najisifu miguu ina joto. Ilikuwa na jasho pia.

Tuliporudi yeye aliingia kuwasha jiko. Mimi nikafanya kama nilivyolelewa. Buti zina tope na theluji, mimi ni mgeni, nyumba ni ya watu. Nikazivua pale ngazini, nikazipanga pamoja, pua zikitazama nje, nikaingia na soksi. Kuhusu wezi sikuwa na wasiwasi, nani ataiba porini? Tukala viazi na maharage ya kopo. Nilianzisha habari ya mama, akasema kesho, dunguni. Nikalala nikiwa na furaha.

Dunguni

Alfajiri nilitangulia kutoka ili nivae. Wenzangu, zile buti zilikuwa mawe. Jasho la bitana lilikuwa limeganda, kamba zimesimama wima zenyewe, ndani mna theluji iliyopeperushwa na upepo. Nikasikia Zabroni anakuja. Sasa ningesema nini? Baada ya majigambo yote ya Makete, na Papa Mugisho, na goti lile la dukani? Nikakung'uta theluji, nikasukuma miguu kwa nguvu zote hadi ikaingia, nikasimama.

"Uko tayari?" akauliza.

"Twende," nikasema.

Mficha maradhi kilio humfichua. Mwanzo iliuma. Tukapanda dunguni, tukakaa bega kwa bega, hakuna kuongea, hata kukohoa ni marufuku. Mwanga ukaja polepole. Kisha miguu ikaacha kuuma, nikafurahi, nikadhani imepata joto. Mjinga mimi. Kulungu dume akatoka kwenye miti, pembe pana, anatembea kwa madaha kama mwenye shamba. Zabroni akainua bunduki taratibu. Mwaka mzima anasubiri hiki.

Hapo hapo maumivu yakarudi yote kwa pamoja, nikapiga miguu sakafuni, bila kukusudia, puu, puu. Kulungu akatoweka.

Zabroni akateremsha bunduki. Nikangoja anitukane, na ningekubali. Akainama, akashika buti yangu, akaisikia ilivyo ngumu. Akaivuta ulimi, akaingiza kidole ndani.

"Ziliachwa nje?"

"Nilizivua mlangoni."

Alinishusha ngazi, akanibeba mgongoni. Mimi na unene wangu huu, nimebebwa mgongoni kama nilivyobebwa nikiwa darasa la kwanza mto ulipojaa.

Kibandani

Hakuniruhusu kusogelea jiko la kuni. Alisema mguu uliokufa ganzi ukiupeleka motoni unaungua na hausikii. Akanivua, vidole vyeupe kama nta, akafungua shati lake na kuiweka miguu yangu tumboni mwake, juu ya ngozi, akaifunika kwa koti. Akashtuka kwa baridi lakini hakuitoa. Mama ndivyo alivyotufanya asubuhi za mwezi wa saba tulipotoka kuchota maji.

Tukakaa hivyo. Siku yake ya mwaka mzima inapita dirishani. Nikamwambia arudi dunguni, akakataa. Nikaomba radhi, akasema nyamaza. Kidogo kidogo vidole vikaanza kuchoma, nikaanza kulia, na nikaona bora nimuulize nikiwa tayari nalia.

"Kaka, kwa nini huji?"

Akalirudisha vizuri koti juu ya miguu yangu.

"Unamkumbuka baba mdogo alivyorudi kutoka migodini?" akasema.

Namkumbuka. Nyie wa huku mjini labda hamjaona, ila kwetu mtu aliyekosa mazishi haingii nyumbani kimyakimya. Anasubiriwa barabarani. Akishuka tu kwenye gari, kilio kinaanza upya kana kwamba maiti yuko ndani. Wanamshika mikono kabla hata ya salamu, wanampeleka kaburini, wanamwambia marehemu, huyu hapa mwanao, amekuja, alikuwa wapi? Baba mdogo alianguka kaburini akalazwa siku nyingi.

"Mimi kilio changu kinanisubiri pale barabarani," Zabroni akasema. "Kila mwaka ninaochelewa kinaongezeka. Mimi nawafumba macho wazee wa watu, Yusta. Nawaosha, nawafunika, napiga simu kwa watoto wao. Sijawahi kulia hata mmoja. Nikianza na baba sitaweza kuacha. Nitalia na hao wote."

"Mama hatakulilia."

"Atanililia. Ni mama, lazima anililie. Na mimi nikimwona anapapasa hewani kunitafuta uso, nitakufa palepale."

Nilikuwa nimesafiri dunia nzima na hotuba yangu, na sasa miguu yangu iko tumboni mwake na hotuba imekwisha. Nikamwambia tu kwamba macho hayatamngoja. Akasema anajua.

Kurudi

Vidole vilipona, ila vilivimba. Buti mpya hazikuingia tena. Tuliziacha kibandani bitana zikining'inia. Zabroni akafungua nyuma ya gari, akatoa zake za zamani, za kwanza kununua alipofika kule, pana, kisigino cha kulia kimelika upande. Akaniambia nisafiri nazo, hakuna kiatu kingine kitakachonifaa kwa sasa. Akapiga tena goti, akafunga kamba, safari hii kwa kulegeza.

Uwanjani alinisindikiza mwenyewe. Nilimuuliza nimwambie nini mama. Akasema, "Mwambie ulivyoona." Akabaki amesimama nyuma ya kamba za foleni, mtu mrefu mwenye koti, hata mkono hakupunga. Niligeuka mara nyingi, nilikuta bado yupo, mpaka kona ikamficha.

Dar es Salaam joto lilinipiga kama mvuke wa sufuria. Kijana wa mizigo akaniuliza, "Mama, umetoka vitani?" Watoto kwenye basi wakawa wanazigusa buti. Mengine mliyaona wenyewe stendi.

Makete

Mama alinipokea kwa mikono, akinipapasa uso, mabega, akateremka hadi miguuni. Akasimama hapo. Akapapasa kisigino cha kulia, kile kilicholika.

"Hivi si vyako."

"Ni vya Zabroni."

"Amesema nini?"

Nikamweleza kila kitu, dungu, kulungu, kilio kinachosubiri barabarani. Nilijua nimeshindwa kazi niliyotumwa, nikasema hivyo. Mama aliniambia nizivue, akaziingiza ndani, akaziweka kando ya mafiga lakini si karibu sana na moto. Nani alimwambia, sijui.

Asubuhi akatuma watu waite ndugu na majirani. Wakaja wakidhani amefiwa. Mama akanikabidhi buti nizibebe, yeye akanishika bega, tukateremka wote hadi pale barabarani magari yanaposimama. Akaniambia niziweke chini, pua zikitazama nyumbani. Halafu akaangua kilio.

Wanawake walitazamana, kisha wakaelewa, wakadakia. Tulilia wenzangu. Tulizibeba zile buti tukilia njia nzima, wanaume nyuma yetu, hadi kaburini. Mama akazisimamisha kichwani pa kaburi, akasema, "Baba Zabroni, huyu hapa mwanao, amekuja. Alichelewa. Usimuulize alikuwa wapi, mimi nimekwisha kumuuliza." Baba mdogo, yule wa migodini, alilia kuliko sisi wote. Tulikaa mpaka machozi yalipokwisha, ikaletwa kande tukala, watu wakaenda mashambani kwao.

Jioni nikampigia Zabroni, nikampa mama simu.

"Zabroni," mama akasema, "kilio chako tumekwisha kukilia leo. Chote. Hakuna aliyebaki nacho. Ukishuka barabarani utakuta njia tupu, na mimi nimesimama. Utanisalimia tu kama mtoto aliyetoka shule."

Upande wa pili kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia mtu anavuta pumzi vibaya, kama aliyebeba gunia akapandisha mlima, ikawa hivyo kwa muda, na mama hakumkatiza. Alisikiliza huku amefumba macho yake yasiyoona vizuri, akiitikia kwa kichwa.

"Buti ziko wapi?" Zabroni akauliza mwishowe, sauti imekwaruza.

"Ziko ndani, karibu na jiko."

"Msiziache nje, mama. Mwezi wa saba huko kuna barafu. Nitazihitaji."

Basi, wateja waambieni haziuzwi. Mwenyewe anazifuata.